Eda ya Koo

Banda la kwanza pete nyekundu, la pili kijani,
la tatu nyeupe, la nne uzi mtupu,
maana pete zilimwishia mwaka ule wa kimbunga
na Sleyum hakuwa mtu wa kutoka Mudhaibi
hadi Sinaw kwa ajili ya pete nne.

Majimbi huhama. Makoo hukaa.
Ndivyo alivyoandika ukurasa wa mwanzo wa daftari,
Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu,
nukta zimetapakaa kama mtama uliomwagika.
Kila mwaka joto likivunjika
jimbi wa kwanza aende la pili, wa pili la tatu,
wa nne azungushwe nyuma ya tangi arudi la kwanza,
na pora asilale banda moja na mamaye.
"Damu ikijirudia," akisema, "kuchi hupungua shingo."
Nami nikamtazama, mtoto wa ami yangu,
mume wangu wa miaka thelathini na minne:
Haya bwana, na sisi je?
Alicheka hadi akamwaga kahawa.

Alikufa mwezi wa sita, feni ya banda la tatu imeungua,
majimbi midomo wazi, mbawa zimeachana na mbavu.
Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi,
bila wanja, bila udi,
na dirisha moja lililotazama mabandani.

Oktoba ikaja na upepo wa kwanza unaostahili jina hilo.
Rofikul akasimama nje ya pazia, kivuli na ndoo,
na Kiswahili chake cha kuokoteza kwa marehemu:
"Mama, Kiberenge wapi? Hakimu wapi?"
Nikavaa miwani isiyo yangu, nikafungua daftari.
Kiberenge la tatu. Mkamate usiku,
gizani jogoo hana ubishi.
Hakimu la nne.
Tumbaku kazeeka, kucha zimepinda,
mtoe akapumzike chini ya mlimau,
aingie yule pora wa pete ya kijani.
"Na yai, mama?"
Mayai mle.
Wiki tatu nzima, kaangeni, wapeni majirani,
kwa kuwa koo bado kabeba mbegu ya aliyeondoka.
Hata huyu mpya ampande asubuhi na jioni,
kifaranga atatoka na shingo ya yule wa zamani.
Nikajisikia nikiyasema hayo. Nikanyamaza.
Rofikul akadhani nimemaliza, akaenda zake.

Katikati ya hayo alikuja mtu na pikapu,
akakaa sebuleni na shemeji yangu, akala halua nusu sahani,
akataka majimbi wote wanne, pesa mkononi.
Kumbe mwanawe huwafunga visu miguuni.
Nikamtuma mtoto: mwambie hawa ni wa uzazi,
wenye hasira tulishawala.

Eda ilikwisha Jumatano.
Nilikoga, nikatoka na viatu vya Sleyum
kwa kuwa vyangu sikuviona, au sikuvitafuta.
Kiberenge hakunijua, akanivimbishia manyoya ya shingo.
Makoo walinijua. Au waliijua ndoo.
Kwenye pembe ya banda la tatu, yai,
la moto bado, unyoya umelinata.
Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa daftari.
Siku ya ishirini na mbili.

Penseli yake imefungwa kwa uzi, fupi kama kidole cha mtoto.
Nikaandika tarehe juu ya gamba,
kisha chini ya mistari yake,
kwa herufi zangu za skuli ya Ng'ambo,
kubwa, za duara, zinazoelekea upande mwingine:
Banda la tatu. Kiberenge. Moja.